Mifupa Hakuuliza

Jumanne, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili: mimi najua Bibi anasema nini.

Wamama wa maombi wamekuja tena leo, Shangazi mbele yao. Wamemzunguka Bibi kitandani, wakaimba, wakamwekea mikono. Bibi akafumba macho, akaanza yale maneno yake, upesi upesi, pumzi moja. Shangazi akapaza sauti kwamba mama yake ananena kwa lugha, Roho amemshukia kitandani! Wengine wakalia. Mama akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Si lugha za malaika. Ni lugha ya mama yake. Ni majina ya Mungu, yale aliyofundishwa utotoni kwao, kwa Wahindu, kabla hajamjua Babu, kabla ya ubatizo. Mimi alinifundisha nikiwa darasa la pili, tukichambua mchele. Aliniambia ni wimbo wa kuchambulia mchele. Nikaamini. Nimekuja kujua nikiwa mkubwa, na sikuacha. Kabla ya mtihani huwa nayasema moyoni, baada ya Baba Yetu.

Nilimimina chai, nusu ikaingia kikombeni, nusu kwenye sinia. Bibi akafumbua jicho moja akanikonyeza.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Bibi hawezi kwenda kanisani, kwa hiyo Mchungaji alimletea majivu nyumbani, kwenye kikopo cha mafuta ya mgando kilichooshwa. Akampaka msalaba kwenye paji la uso, akamkumbusha kwamba yeye ni mavumbi. Bibi akaomba aongezewe. Mchungaji akafurahi sana, akamwambia Baba kuwa hajawahi kuona unyenyekevu wa namna hiyo.

Alipoondoka, Bibi akanivuta sikio karibu.

“Kumbe na ninyi mnaijua kazi ya moto.”

Sikumwelewa. Nilidhani ni homa.

Jioni Baba alikuja kutoka karakana, maranda bado yamo nywelini, na futi yake mkononi. Alisema anataka kumtengenezea kitanda kipya, hiki kinalia. Bibi akanyooka vizuri, mikono ubavuni, akapimwa urefu, akapimwa mabega. Akamshukuru mwanawe. Baba akatoka.

Bibi akasema baba yangu anadhani yeye hajawahi kuona kitanda kisicho na miguu.

Nilicheka. Halafu nikaenda chooni nikakaa huko muda mrefu.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika polepole. Nisipoandika nitajiambia kesho kwamba sikusikia.

Mama alikuwa amekwenda dukani. Bibi aliniita kama anavyoniita siku zote, “mume wangu”, akaniambia nifunge mlango. Akili yake leo ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

Hataki kuzikwa. Anataka moto. Halafu majivu yapelekwe mtoni.

Nilimuuliza kama ameacha kumwamini Yesu. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama ameacha kumpenda mtoto wake. Akasema Yesu amekaa naye miaka yote ya ndoa na yote ya ujane, na hajawahi kumfukuza mezani.

“Mchungaji aliyenibatiza aliniuliza kama nampa Yesu moyo wangu. Moyo nikampa, na sijaurudisha. Mifupa hakuuliza.”

Ndipo akanieleza habari ya mama yake. Babu alikuwa fundi, alikwenda dukani kwa baba yake Bibi kurekebisha mlango. Mlango ukachukua wiki nzima. “Mlango gani huo, mume wangu! Hata mimi nilianza kumwonea huruma huo mlango.” Walipoondoka pamoja, kwao walioga maji ya msiba, yeye yu hai. Wakamhesabu maiti. Mama yake alipofariki, Bibi alisikia habari kwa mpita njia. Alikwenda akasimama ng'ambo ya mto. Aliona moshi. Aliona kaka yake akishuka majini na chungu. Hakuna aliyemwita.

Akasema mama yake yuko majini, na maji hayasimami. Yeye akifukiwa pale juu kwenye udongo mkavu, atamfikia kwa njia gani?

Mimi nilianza kusema kwamba mbinguni watu wote… Akaniwekea kidole mdomoni.

Kwa nini hamwambii Baba? Alitaka kumwambia jana. Lakini Baba alipoinama na ile futi, alikuwa na uso ule ule wa siku Babu alipomkabidhi randa ya kwanza. Hakuweza. Akasema mwanawe ndiye wa kuwasha moto, ndivyo inavyotakiwa. Mtu amwambie.

Mtu ni mimi. Mimi, ambaye hata kununua chumvi narudiarudia maneno njiani nisije nikakosea.

Ijumaa, 7 Machi

Kitabu cha maktaba ya shule, kile kikubwa cha dini za dunia, hakina jalada. Nimekisoma kipindi chote cha mapumziko. Sehemu ya Wahindu ina kurasa chache, na mtu amechora masharubu kwenye picha.

Wako wanaofundisha kwamba nafsi iliyo ndani ya mtu na Nafsi ya ulimwengu ni kitu kimoja. Kama hewa ya ndani ya chupa na hewa ya nje. Chupa ikivunjika, hewa haiendi popote. Ilikuwa nje tangu mwanzo. Wengine wanasema nafsi huzaliwa tena na tena hadi ifunguliwe. Mwili ni wa kuachwa. Bibi analisema kwa namna yake: mpangaji akihama haondoki na kuta.

Ni maneno mazuri. Nimeyanakili. Lakini kisha nikajiuliza: kama Bibi ni hewa, nani ataniita mume wangu? Na kama akizaliwa tena, nitamjuaje? Labda atakuwa mtoto anayelia nyumba ya tatu, na mimi nipite bila kusimama.

Kanisani tunafundishwa kwamba Mungu anamshika kila mtu kwa jina lake, na mwili utafufuliwa. Bibi atakuwa Bibi, na lile jino lake moja la mbele. Mimi nataka hivyo. Nataka hivyo sana. Lakini je, ni imani hiyo, au ni uroho?

Katika somo la dini nilinyoosha mkono. Mimi! Nilimuuliza mwalimu kama aliyechomwa moto anaweza kufufuliwa. Darasa zima likageuka. Yule wa nyuma akauliza Padri, ndivyo wanavyoniita, anataka kumchoma nani. Wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Alijibu kwamba Mungu aliyeanza na mavumbi hashindwi na majivu. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo sisi tunazika.

Jibu lake lina milango miwili. Sijui ni upi wa kutokea.

Jumamosi, 8 Machi

Baba alinipeleka karakana. Alivuta mbao kutoka nyuma kabisa, chini ya turubai. Mkangazi mtupu, umekauka vizuri, hauna fundo hata moja. Sikujua zipo. Amezitunza tangu Babu alipofariki. Ndizo zilizobaki baada ya jeneza la Babu, kutoka gogo lile lile. Watu wamezitaka kwa meza, kwa makabati, akakataa.

Alinipa msasa. Nimepiga msasa tangu asubuhi hadi alasiri. Upande wa ndani pia. Nilimuuliza kwa nini wa ndani, nani ataona. Akasema yeye aliyelala ndiye atakayeona.

Baba si msemaji. Lakini leo alisema, akiwa amechomeka penseli sikioni. Alisema fundi mzuri hatupi kazi yake. Mungu alipomfanya Bibi alichukua vipimo vyake, na vipimo hivyo havijapotea. Siku ya mwisho Babu atainuka upande huu, Bibi upande ule, na neno la kwanza la Bibi litakuwa kumkaripia kwa kuchelewa. Akacheka peke yake. Pale makaburini aliacha nafasi ubavuni mwa Babu, na kila mwaka huipalilia mwenyewe, majani yasiote.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Kweli nilikuwa nimefungua. Vumbi la mkangazi likaingia nikakohoa, Baba akanipa maji, na ikawa imepita.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi alisimama kutoa ushuhuda. Aliwaeleza waumini jinsi mama yao anavyonena kwa lugha kitandani. Makofi, vigelegele. Baba amekaa benchi la wazee wa kanisa, machozi yanamtiririka hadi kwenye tai. Mchungaji akaomba tuusifu uaminifu wa Mungu.

Mimi niliangalia viatu vyangu. Nilifikiria: labda si uongo. Labda Mungu anayasikia yale majina na kuitika. Anaitwa kwa lugha ngapi kwa siku moja? Atachagua ya kukasirikia?

Au labda najitafutia pa kujificha.

Jumatatu, 10 Machi

Baba alinituma gundi kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Hekalu liko mwisho wa mtaa huo. Nimelipita maisha yangu yote bila kuligeukia. Leo nilivua viatu ngazini kisha nikavivaa tena. Halafu nikavivua.

Mhudumu wa pale alikuwa anafagia huku simu ameibana kati ya bega na sikio. Hakukata simu. Nilimuuliza—nilikuwa nimejifunza swali lote njiani—kama mtu aliyezaliwa kwao, akabatizwa, anaweza kuchomwa mahali pao. Akamwambia wa kwenye simu angoje. Alisema moto haudai cheti cha ubatizo. Ila aje mwanawe. Mwanawe aombe, mwanawe awashe. Wajukuu hawatumwi jambo kama hilo.

“Ana mwana?”

Nikasema anaye.

“Basi unaniuliza mimi nini? Kamuulize yeye.”

Akarudi kwenye simu yake. Nilisahau gundi, ikabidi nirudi.

Jumanne, 11 Machi

Nilikwenda kwa jirani yetu mshonaji, rafiki wa Bibi. Yeye ni Mwislamu, na wamebishana na Bibi juu ya Mungu kwenye kibaraza kile miaka yote, huku wanatunga sindano. Ananiita Profesa. Sikumwambia jambo lenyewe. Nilisema tu: kama mtu mmoja angeombwa na mgonjwa jambo ambalo dini ya nyumbani hailitaki.

Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza mshono. Akasema kwao kuchoma maiti ni haramu, nisitegemee kumsikia akisema vingine. Kwao pia hata hilo sanduku zuri la baba yangu halina kazi, shuka nyeupe inatosha. Alijua. Sijui alijuaje. Labda Bibi alijaribu kwake kwanza.

Akasema: “Lakini sikuombwa mimi, Profesa. Aliyeombwa ameshaombwa.”

Akanipa kitambaa nimpelekee Bibi cha kufutia jasho. Amekipiga pindo.

Jumatano, 12 Machi

Bibi hali chakula tena. Midomo imekauka, ninamlowanisha kwa pamba.

Aliniuliza: “Umesema?”

Nikajibu: “Bado.”

Akasema haya. Akafumba macho mpaka nikadhani amelala. Kisha akaniambia, nikishindwa nisijitafune. Yeye pia alishindwa kumwambia mama yake kwamba anaondoka. Alimsukia nywele jioni ile kama kawaida, akamfunga utepe, na hakusema.

Mimi nilitaka aniapishe. Angeniapisha ingekuwa rahisi zaidi. Hakuniapisha.

Tukasema majina pamoja, kwa sauti ya chini. Halafu mwenyewe akaanza Baba Yetu, nami nikafuata. Hakuweka hata pumzi kati ya sala hizo mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Nilirudi kutoka shule nikakuta viatu vingi mlangoni.

Ijumaa, 14 Machi

Bibi amefariki. Nimeandika ili nione yanavyokaa maneno hayo.

Mama alikuwepo. Anasema Bibi aliomba dirisha lifunguliwe, basi. Nilikuwa kwenye kipindi cha jiografia.

Kila mtu anafanya kitu. Shangazi anapanga mabenchi na kugombana na wenye turubai. Mama na wamama wanapika. Baba hajatoka karakana tangu jana isipokuwa kumfumba macho mama yake. Randa inasikika mpaka huku. Mazishi ni kesho alasiri.

Nimejaribu kuwa na hasira na Bibi. Alikuwa na watoto wazima wawili, alikuwa na Mchungaji. Akanichagua mimi, mwoga wa nyumba. Nilikaa na hasira hiyo labda dakika chache. Halafu nikakiona kile kitambaa chenye pindo.

Kama amekuwa hewa, anajua sikusema. Kama yuko kwa Yesu, anajua sikusema. Dini zote mbili haziniachii mahali.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema.

Asubuhi hii nilikwenda karakana kabla ya kunywa chai, nisije nikapata sababu. Baba alikuwa anachonga msalaba mdogo kwenye kifuniko kwa patasi. Jeneza liko juu ya meza ya kazi, limeshapakwa vanishi, linang'aa. Sijawahi kuona kazi yake nzuri kama hiyo. Nilisimama upande wa miguu.

“Baba, Bibi hakutaka kuzikwa.”

Patasi ikasimama.

“Alitaka nini?”

“Moto. Halafu mtoni. Alikopelekwa mama yake.”

Aliuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna, labda jirani. Aliuliza ni lini. Nikamwambia Alhamisi ya wiki iliyopita. Akahesabu kimoyomoyo, nilimwona.

“Kwa hiyo siku ya msasa ulikuwa unajua.”

“Ndiyo, Baba.”

“Na ukapiga vizuri hivi.”

Hakulisema kwa ukali. Alipitisha kiganja ndani ya ubao, pale nilipofanya kazi mimi. Afadhali angenipiga.

Kisha akauliza kwa nini hakumwambia yeye, yeye ndiye mwanawe. Nikamweleza habari ya futi, na uso wake alipoinama, na kwamba Bibi alishindwa kumvunja moyo. Nikamweleza ule moshi, na jinsi Bibi alivyosimama ng'ambo ya mto. Hakuwa anajua. Alikuwa anajua kwamba kwao walimkataa. Hakujua kwamba alikwenda akasimama. Nikamweleza yale maneno wanayoyaita lugha ni nini. Mwisho nikamwambia la moyo na mifupa, kama alivyolisema mwenyewe.

Baba alicheka. Ni cheko la Bibi kabisa, la puani. Halafu likakatika, akakaa chini kwenye maranda, mgongo umeegemea mguu wa meza.

Akasema baba yake anamngoja Bibi pale makaburini miaka yote hii. Amemwekea nafasi.

“Sasa nitamwambia nini mzee?”

Nilitaka kusema kwamba mpangaji akihama haondoki na kuta, lakini hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyetengeneza kuta. Nikasema tu kwamba wa hekaluni wanasema mwana ndiye anayeomba, na ndiye anayewasha. Wanangoja mwana.

Akaangalia mikono yake. Ina vanishi mpaka kwenye vifundo.

Nje Shangazi alikuwa anamwita, wabebaji wanataka kujua jeneza linatoka saa ngapi. Akaita tena, akasukuma mlango. Baba alinyoosha mguu akauzuia, bila kuinuka. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nilingoja nikaona ananisahau, basi nikatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka za mbao.

Nilikwenda makaburini. Ni kuvuka barabara tu, nyuma ya kanisa. Wachimbaji wawili walikuwa ubavuni mwa Babu, pale Baba anapopalilia, shimo limewafika kiunoni. Mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake habari ya mbuzi wake. Nilisimama. Sikuwa nimejifunza cha kusema njiani. Njia ni fupi.

Nikawaambia wasimame kwanza.

Wa mbuzi akapangusa jasho, akauliza nani kasema. Mzee wa kanisa?

Nikasema hapana.

“Nani basi?”

“Mume wake,” nikasema.

Wakatazamana. Wakautazama msalaba wa Babu. Wakanitazama mimi na sare yangu ya shule, maana sina suruali nyingine nyeusi. Nilidhani watacheka. Yule mkubwa akachomeka sururu kwenye udongo, akapanda juu, akampa mwenzake mkono.

Tumekaa wote watatu kwenye kivuli cha ukuta. Wamenipa nusu ya mkate wao. Naandika haya juu ya goti. Kutoka hapa randa ya Baba husikika siku zote. Sasa haisikiki.